Jibu Liko Chini

Mama Nukta hakuwa na mtoto anayeitwa Nukta, na hakuna mzazi mwenye akili timamu ambaye angempa mtoto jina kama hilo. Jina alilipata saluni. Miaka mingi nyuma, alipokuwa angali msomaji wa prufu katika kiwanda cha kuchapa vitabu vya shule, alikwenda kusukwa akakuta ubao mpya mlangoni: TUNASUKA WATU WAZIMA NA WATOTO HATUCHOMI. Alisimama pale juani akausoma mara mbili. Kisha akaingia, akamwambia msusi kwamba ni jambo jema watoto hawachomwi, ila wateja wangependa kujua na watu wazima hali yao ikoje. Msusi hakuelewa. Mama Nukta akatoa kalamu ya wino mzito mkobani, akatoka nje, akaweka nukta moja nene baada ya WATOTO, akarudi kukaa kwenye kiti. Siku hiyo alisukwa kwa kuvutwa kichwa mwanzo hadi mwisho, na kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa umeshampa jina.

Wanaomcheka wamcheke. Lakini mtu aliyekaa miaka ishirini akitafuta makosa kabla hayajafika mikononi mwa watoto wa shule anajua jambo ambalo wacheshi hawalijui: kosa dogo halikai dogo. Likichapwa nakala elfu arobaini, ni makosa elfu arobaini, na kila moja limekaa mbele ya mtoto anayeamini kitabu kuliko anavyomwamini mama yake. Kwa hiyo alisoma kila mstari kwa rula, akiishusha kidogo kidogo, midomo ikimchezacheza kama mtu anayesali.

Kiwanda kilipofungwa na mitambo kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, Mama Nukta alikaa nyumbani mwaka mzima akisahihisha maandishi ya kwenye mifuko ya unga. Ndipo akapata kazi kwenye tovuti.

Ofisi ya tovuti ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Kila lori likipita barabarani, vioo vya chini vililia, na wafanyakazi wa juu walishika vikombe vyao vya chai bila kuacha kuandika. Meza zilikuwa sita, feni mbili, moja ikizunguka na nyingine ikitazama. Ukutani palitundikwa televisheni kubwa ambayo haikuwahi kuonyesha taarifa ya habari wala mpira. Ilionyesha grafu. Mstari wa kijani uliopanda na kushuka, siku nzima, ukieleza ni watu wangapi wamefungua ukurasa gani na wamekaa humo muda gani.

Mwenye tovuti alikuwa ameuza matangi ya maji kabla ya kuuza maarifa, na hata sasa alizungumza kama vile maarifa nayo yanakuja kwa lita. Alijipa cheo cha Mhariri Mkuu, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akihariri hata sentensi. Mbele yake walimwita Mkubwa. Akitoka, walimwita Bwana Grafu.

Tovuti ilikuwa na kila kitu: afya, malezi, nyota, namna ya kuondoa doa la wino kwenye shati. Ilikuwa pia na vijitabu vya simu, ambavyo msomaji alivipakua baada ya kuacha namba yake, na kuanzia hapo hakulala tena kwa ujumbe wa matangazo. Na kazi zote hizo zilifuata sheria moja, iliyochapwa kwa herufi kubwa, ikafunikwa plastiki, ikabandikwa juu ya birika la umeme ili kila anayejitengenezea chai aione: JIBU LIKO CHINI.

Maana yake ilikuwa hivi. Mtu akija na swali, usimpe jibu. Mpe kichwa cha habari chenye fumbo, mpe aya ya kumwahidi kwamba jibu linakuja, mpe picha, mpe historia ya tatizo, mpe aya nyingine ya kumwahidi tena. Katikati ya kila kituo weka tangazo. Vituo visipungue vitano. Jibu lenyewe liweke chini kabisa, kwa sababu msomaji akilipata mapema ataondoka, na akiondoka, mstari wa kijani unashuka. Pale ofisini waliita kazi hiyo "kumtembeza." Utasikia mtu akiuliza mwenzake, "Umeshamtembeza vya kutosha?"

Mama Nukta hakuipenda sheria hiyo tangu siku ya kwanza, na hakuficha. "Mtu anakuuliza njia," alimwambia Kimya, fundi wa tovuti aliyekaa meza ya jirani, "wewe unamzungusha mtaa mzima ili apite mbele ya duka lako. Huko ni kumsaidia?" Kimya, ambaye alipata jina lake kwa haki, aliinua mabega akaendelea na kazi yake. Na Mama Nukta, kwa kuwa alikuwa na ada za shule za kulipa na mume fundi wa kuchomelea ambaye kazi zake zilikuja kwa msimu, alimeza mate machungu akaendelea kutembeza watu. Doa la wino, alijisemea, halijawahi kumuua mtu.

Kisha akapewa ukurasa wa mafuta ya taa.

Bwana Grafu alikuwa ameona kwamba watu wengi wanauliza swali hilo kwenye simu zao: mtoto akinywa mafuta ya taa afanyweje. Akataka ukurasa, na ukurasa uelekeze kwenye kijitabu cha huduma ya kwanza nyumbani. Mama Nukta aliifanya kazi hiyo kama alivyofundishwa kiwandani. Hakunakili kutoka kwenye tovuti nyingine. Alikwenda zahanati, akakaa kwenye benchi na wagonjwa hadi zamu yake, akamweleza nesi kwamba haumwi, ana swali. Nesi alimjibu bila hata kukaa.

"Wasimtapishe. Andika hilo kwanza, mama, kabla ya salamu. Mafuta yakishuka tumboni si shida kubwa kama yakipanda tena, kwa sababu yakipanda yanaingia kwenye mapafu. Wazazi wanatia kidole, wanampa maziwa, wanampa mafuta ya kula, wanadhani wanasafisha. Wanatuletea mtoto anayepumua kwa shida."

Mama Nukta alirudi akaandika mistari minane. Wa kwanza ulisema: Usimtapishe. Aliisoma kwa rula kwenye kioo cha kompyuta, akaridhika, akaipeleka.

Bwana Grafu aliisoma kwa muda mfupi sana, na hilo ndilo lililomuudhi.

"Mama, hili ni tangazo la ukutani. Mtu atasoma mstari mmoja aondoke."

"Ndiyo, Mkubwa. Aondoke ampeleke mtoto hospitali."

"Na kijitabu nani atapakua?"

"Mtoto akiwa na mafuta tumboni, kijitabu cha nini?"

Bwana Grafu alitabasamu kwa upole, kama mtu anayemweleza mteja kwamba tangi la lita mia tano halitamtosha. Hakuwa mkali. Laiti angekuwa mkali, ingekuwa rahisi kumchukia. Alivuta kiti, akaketi karibu naye, akafuta mstari wa kwanza, akaushusha chini ya picha, chini ya historia ya mafuta ya taa, chini ya tangazo la magodoro, chini ya mwaliko wa kupakua kijitabu. Kisha akaandika kichwa kwa mkono wake mwenyewe, akakisoma kwa sauti, akipenda kila neno:

Mtoto Kanywa Mafuta ya Taa? Mtapishe Haraka! Kosa Wanalofanya Wazazi Wengi

"Umeona?" alisema. "Mtu anasoma 'mtapishe haraka,' anasema naam, nilijua. Halafu anaambiwa ni kosa. Anashtuka. Lazima afungue."

Mama Nukta alikisoma. Akakisoma tena kwa rula. Kilimchefua, lakini alitafuta kosa asilione. Sentensi ilikuwa sawa. Ukiisoma hadi mwisho ilisema ukweli: kumtapisha ni kosa. Alibisha kidogo, akaambiwa kichwa kinavuta, akabisha tena, akaambiwa kuna watu kumi wanaoitaka kazi yake. Basi akaweka jina lake chini ya ukurasa, kama Bwana Grafu alivyotaka kwa kila ukurasa, "imehaririwa na" fulani, jina lake kamili la kwenye vyeti, akaenda kunywa chai.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lake lilikuwa la mtu aliyelelewa na karatasi. Kwenye karatasi, mstari ukiuandika ndivyo utakavyofika. Hakuna anayekuja kuukata njiani. Mama Nukta alikuwa ameusoma ukurasa ule kwenye kioo kipana cha ofisini, na haikumpitikia hata siku moja kuutazama kwenye simu ya mkononi, ambayo ndiyo wasomaji wake wote waliyokuwa nayo.

Mawifi, kama inavyojulikana, hawaishiwi utani. Mke wa kaka yake Mama Nukta alikuwa mtani wake wa kwanza duniani. Akimwona mlangoni alisema, "Fungeni midomo, mwenye nukta kaja." Akitumiwa ujumbe uliosahihishwa, alijibu kwa ujumbe mwingine wenye makosa matano ya makusudi. Lakini akiwa na majirani alitamba: "Wifi yangu ndiye anayeandika ile tovuti. Mkiona jina lake chini, jueni hilo neno limeshapita kwenye ungo." Alikuwa na mtoto mmoja, wa miaka miwili, aliyepewa jina la babu yake. Kwa hiyo Mama Nukta alimwita mtoto yule Baba, na mtoto naye alimjibu Shangazi kwa sauti ya mtu anayedai haki yake.

Ikaja Jumanne moja, kabla ya saa sita mchana. Simu ya Mama Nukta ililia akiwa kwenye kituo cha nne cha ukurasa wa doa la mafuta ya nywele. Ilikuwa sauti ya wifi yake, na haikuwa na utani ndani yake.

"Wifi, njoo hospitali. Baba hapumui vizuri."

Alimkuta kwenye korido ya wodi ya watoto, miguu mitupu, kanga ikinuka mafuta ya taa. Alikuwa ameweka mafuta kwenye chupa ya soda karibu na jiko. Dakika moja tu, alisema, alitoka kuanika nguo moja tu. Ndani, nyuma ya pazia, mtoto alikuwa amevishwa mpira wa hewa puani, na mbavu zake ndogo zilizama kila alipovuta pumzi. Mama Nukta alimwita, "Baba." Mtoto alifungua macho akamtazama, hakudai chochote.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye umri kama wake, amechoka, na hakuwa na nafasi ya kupamba maneno.

"Alikunywa kidogo," alisema. "Angeletwa hivyo hivyo, pengine jioni hii tungemrudisha nyumbani. Ametapishwa. Mafuta yamepanda, yameingia mapafuni. Nani aliwaambia mmtapishe?"

Wifi alimpa Mama Nukta simu yake.

Kioo cha simu kilikuwa kidogo, kimepasuka pembeni. Juu kabisa ya orodha ya majibu palikuwa na jina la tovuti yao, na chini yake maneno ambayo simu ile iliyapatia nafasi, hayo tu, kisha ikayakata:

Mtoto Kanywa Mafuta ya Taa? Mtapishe Haraka...

Nukta tatu. Mama Nukta alizitazama nukta hizo tatu mpaka zikaanza kucheza mbele ya macho yake. Lile "Kosa Wanalofanya Wazazi Wengi" lilikuwa nyuma ya nukta hizo, limefichwa, na hakuna mtu mwenye mtoto anayekohoa mkononi ambaye angelitafuta.

"Hukufungua, wifi?" aliuliza, na papo hapo akajichukia kwa kuuliza.

"Nilifungua. Likaja tangazo la magodoro, likajaa kioo kizima. Nikalifunga, likaja lingine. Mtoto huku analia. Nikasema, si tovuti ya wifi hii? Wifi hawezi kuniambia uongo. Nikatia kidole." Alisema bila kulaumu, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi. Angetukana, Mama Nukta angejua pa kushika.

Majuto ni mjukuu, husema watu, huja baadaye. Kwa Mama Nukta yalikuja na ukoo mzima. Alikaa kwenye benchi la korido mkono wa wifi yake ukiwa ndani ya mkono wake, na akajisomea mashtaka yote. Alijua kuwa jibu limezikwa. Alijua kwa nini limezikwa. Alikuwa amekwenda zahanati, ameambiwa kwa kinywa cha nesi aliandike kabla ya salamu, na yeye akakubali liandikwe baada ya magodoro. Akaweka na jina. Alipofika mwisho wa mashtaka yake mwenyewe alianza ya watu wengine, na hapo hasira ikampanda ikamkausha machozi. Alisimama. Kaka yake alikuwa ameshafika. Akawaambia anarudi, akashuka ngazi, akaenda ofisini kwa miguu kwa sababu hakuweza kukaa kwenye kiti.

Alipofungua mlango alikuta watu wanacheka. Mezani palikuwa na soda kwa kila mtu, na kwenye televisheni mstari wa kijani ulikuwa umepanda kuliko siku yoyote. Juu yake palisomeka jina la ukurasa unaoongoza. Alilijua kabla hajalisoma.

"Mama, ulikuwa wapi siku nzima?" Bwana Grafu alisema kwa furaha, akimkabidhi chupa. "Ukurasa wako huu. Watu laki moja na ushee wiki hii. Wanakaa dakika nne na nusu. Dakika nne na nusu, mama, kwenye ukurasa wa afya."

Mama Nukta aliiweka soda mezani bila kuinywa. Alieleza. Alieleza kwa sauti ya chini, kwa mpangilio, kama alivyokuwa akieleza makosa kwa wachapaji: hiki ndicho kilichoandikwa, hiki ndicho kilichofika, huyu ndiye aliyekisoma, na huyu ndiye aliyelazwa. Kimya aligeuza kiti chake.

Bwana Grafu alisikitika. Hakuna anayeweza kusema hakusikitika. Alimpa pole, akauliza mtoto ana umri gani, akasema atamwombea. Kisha akasema, "Lakini tuwe wakweli. Kichwa hakikosei. Kinasema ni kosa. Mtu akishindwa kusoma mpaka mwisho, tutalaumu ukurasa?"

"Simu imekikata, Mkubwa."

"Basi tulaumu simu."

"Naomba nikibadilishe. Sasa hivi."

"Tusubiri mwisho wa mwezi. Kikiguswa kichwa kinachovuta hivi, kinaanguka. Ukurasa unapanda, mama. Huwezi kumshusha mtu mtini akiwa anachuma."

Kuna hasira inayopiga kelele, na kuna inayokata maneno. Kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa alikuwa amekuzoea, ni ujira wa kila anayeajiriwa. Lakini mafuta haya yalikuwa mapafuni mwa Baba. Na wakati yule bwana anazungumza habari za mti, namba iliyo juu ya grafu ilikuwa inabadilika. Ilipanda kwa mmoja. Ikapanda kwa watatu. Mama Nukta aliitazama, na kila ilipopanda aliona kioo kidogo kilichopasuka na mkono mmoja ulioshika mtoto. Hao hawakuwa wasomaji wanaovutiwa. Walikuwa wazazi wanaoogopa, na hapa palikuwa na watu wazima wenye soda mkononi wanafurahi kwamba wazazi hao wamekawizwa dakika nne na nusu.

Alikwenda kwenye meza yake, akaketi. Neno lake la siri lilimruhusu kuhariri ukurasa wowote. Ndiyo kazi aliyoajiriwa. Alifuta historia ya mafuta ya taa, akafuta picha ya mtoto mzungu anayecheka, akafuta mwaliko wa kijitabu. Matangazo yote matano aliyatoa. Kisha akaandika upya, na safari hii neno la kwanza la kichwa lilikuwa katazo lenyewe, ili hata simu ikikata namna gani, kitakachobaki ni hicho:

Usimtapishe mtoto aliyekunywa mafuta ya taa.
Usimpe maziwa wala mafuta ya kula.
Mvue nguo zilizolowa, mfute mdomo.
Mpeleke hospitali sasa hivi. Nenda na chupa yenyewe.

Hakutumia rula. Alitoa simu yake akautazama ukurasa humo. Akamwomba Kimya simu yake, akautazama na humo. Akaenda kwa mama anayesafisha ofisi, mwenye simu ndogo kuliko zote, kioo chake kikitosha maneno matatu, akautazama na humo. Neno la kwanza lilikuwemo. Akachukua mkoba, akarudi hospitali.

Mtoto alikaa wodini siku nane. Siku ya tano alidai biskuti kwa sauti, na wifi akalia kwa mara ya kwanza. Daktari alisema mapafu yatachukua muda, wamlinde na moshi na baridi, warudi kila mwezi. Wifi na Mama Nukta walitaniana kidogo siku ya kutoka, kwa tahadhari, kama watu wanaokanyaga sakafu iliyolowa. Hawakuwa wamepona wao kwa wao. Kuna mambo ambayo hata mawifi huyaacha yapoe yenyewe.

Kwa muda wote huo Bwana Grafu hakumwita. Alikuwa na aibu ya kugombana na mtu mwenye mgonjwa. Lakini mwezi ulipoisha aliitisha kikao, akazima feni ili asikike, akasimama kando ya televisheni na fimbo ya kuonyeshea. Mstari wa kijani ulikuwa umeanguka.

"Sitaki kumsema mtu," alianza, na wote wakajua anayesemwa. "Tazameni wenyewe. Watu wanaoingia kwenye ukurasa huu hawajapungua, wameongezeka. Lakini walikuwa wanakaa dakika nne na nusu. Leo wanakaa sekunde tisa. Tisa. Mtu hawezi hata kunywa funda la maji. Wanaingia, wanatoka. Hakuna anayebofya chochote, hakuna anayepakua chochote." Aligonga kioo cha televisheni kwa fimbo. "Mama, wewe ndiye uliyeandika. Nieleze. Baada ya hizo sekunde tisa, wanakwenda wapi?"

"Hospitali, Mkubwa."

Lori lilipita nje, vioo vya chini vikalia, na safari hii hakuna aliyeshika kikombe.

Bwana Grafu alijikohoza. Akasema huruma ni kitu kizuri, lakini ofisi haiendeshwi kwa huruma. Akamgeukia Kimya, akamwambia arudishe ukurasa wa zamani kabla ya chakula cha mchana. Kimya aliitazama kompyuta yake, hakuigusa.

"Arudishe," alisema Mama Nukta. Sauti yake ilikuwa imetulia, na waliomjua waliogopa zaidi kwa sababu hiyo. "Tovuti ni yako, mimi siwezi kukuzuia. Ila jina langu nalitoa. Ule ukurasa hauwezi kukaa bila jina la mhariri, ndiyo sheria yako mwenyewe, na hapa mhariri mkuu ni mmoja." Alichukua karatasi, akaandika mstari mmoja, akaitelezesha mezani hadi mbele yake pamoja na kalamu. "Andika lako, kamili, kama lilivyo kwenye vyeti. Na namba ya simu yako ya mkononi. Mzazi akifanya kama kichwa kinavyosema, ajue wa kumpigia."

Karatasi ilisema "imehaririwa na," kisha palikuwa na nafasi tupu.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Bwana Grafu aliishika kalamu. Aliishika kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kushika kalamu yoyote katika ofisi ile, akaitazama ile nafasi tupu, akautazama mstari wa kijani, akarudi kwenye nafasi. Watu wote sita walimtazama. Alikuwa na watoto watatu, na kila mmoja pale alijua. Mwishowe aliiweka kalamu chini, akasema kikao kimekwisha, akatoka akasahau fimbo.

Wiki iliyofuata Mama Nukta alipokea barua ya kuhamishwa kutoka kurasa za afya. Alipelekwa kwenye nyota, ambako hadi leo kila asubuhi huwaambia watu kwamba safari inawasubiri na wajihadhari na marafiki wa uongo. Inamtia hasira kila siku, na anaitaja kila siku, mpaka mume wake amejifunza kuondoka mezani mapema. Ukurasa wa mafuta ya taa haukurudishwa. Amri ya kuurudisha haikufutwa, wala hakuna aliyeitaja tena. Umebaki vilevile, mistari minne, bila picha wala tangazo, wa mwisho kabisa kwenye orodha ya Bwana Grafu. Wanaoufungua hukaa sekunde tisa, wakati mwingine nane.